Wimbo wa Chuma na Wimbo wa Mstari Mmoja

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeanika karanga. Kuku wa jirani yangu Nyar Ndhiwa, binti wa Ndhiwa, wamerudi shambani kwangu, nimewafukuza kwa fimbo na mwenyewe akiwa ananiangalia. Akapiga mluzi. Mwanamke mzima.

Mkono unauma kushika kalamu. Herufi zilinikuta mzee, kwa lile darasa la wazee, na mwalimu alikuwa Mkuria wa Ntimaru asiyejua Kijaluo hata salamu. Ndiyo maana naandika Kiswahili. Ni sawa. Siandikii mtu.

Leo tumekubaliana na wazee. Rapar ya mwanangu Ouma ni Jumapili tarehe 24. Kilio kiliisha siku tulipomzika. Hii ni siku ya kumkumbuka kwa chakula na nyimbo. Ng'ombe yuko. Mchele utaletwa. Hema tutaazima kanisani. Kitu kimoja tu kinanisumbua. Watoto wake wawili hawasemezani.

Jumatano, 6 Agosti

Okoth amepiga simu kutoka Migori, kule anakochomelea milango na madirisha. Anataka yeye na wenzake waimbe rapar ya baba yao. Ana kikundi. Wanavaa fulana nyeusi na wanapiga gitaa za stima wakipiga kelele kama watu walioangukiwa na gunia la mahindi. Wanaita metal. Mimi naita muziki wa chuma, kwa sababu anashinda na chuma mchana na jioni anakiimba.

Sijamaliza kupumua, dada yake Atieno naye akapiga kutoka Homa Bay. Anauza samaki sokoni na Jumapili anaongoza kuimba kanisani kwao, lile la vijana lenye kinanda na taa za rangi. Anataka kikundi chake ndicho kiimbe. Okoth akikanyaga na zile gitaa, yeye haji. Okoth naye alikuwa ameshasema vivyo hivyo.

Nimelea hawa watoto tangu mama yao alipotutoka. Walikula sahani moja na kunyang'anyana mkia wa samaki. Sasa ndugu na dada wanapitia kwangu kama mimi ni posta.

Ijumaa, 8 Agosti

Ugomvi ulianza Pasaka, hapa hapa mezani kwangu. Okoth alisema nyimbo za dada yake ni kama soda iliyoachwa wazi: tamu, lakini hakuna kinachokuuma ulimini. Mstari mmoja unarudiwa mpaka mtu anazeeka. Atieno akasema heri mstari mmoja wa Mungu kuliko mistari mingi ya shetani, na ya kwake hata shetani hasikii neno, anaziba masikio. Nilicheka zote mbili. Sikujua walikuwa wanamaanisha.

Mimi ni Msabato. Kwetu tunaimba kitabu cha nyimbo, taratibu, na ngoma haivuki mlango. Kwa hivyo wote wawili wananipigia kelele na siwezi kupendelea mtu.

Nimeamua. Kila mmoja ataniletea maneno. Gitaa isije, kinanda kisije. Ataketi kwenye kigoda na kuniambia wimbo wake kwa mdomo tu, kama mtu anayetoa habari. Wenye maneno mazito ndio watamwimbia Ouma. Hata kuku ukimnyonyoa manyoya ndipo unajua kama kuna nyama.

Jumapili, 10 Agosti

Okoth amekuja. Amekonda. Nimempa ugali na samaki wa mbuta, amekula kama mtu wa kutoka jela, ndipo nikamwambia aanze.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mafuvu. Damu, moto, mfalme wa giza. Nikamwuliza huyo mfalme ni wa ukoo gani. Mama yake ni nani? Anakula nini? Hakujua. Nikamwambia basi hujui unayemwimba, peleka hiyo. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema wa mafuvu ni wa kuwachangamsha vijana tu.

Halafu akasukuma sahani kando. Akasema ana mmoja aliouandika mwenyewe. Akausema akiangalia chini.

Nilikuwa njiani, mlango ukafungwa.
Wamenipa shati lako. Sitaki shati.
Ulisema nini, Baba, nikiwa njiani?
Sitaki shati. Nataka neno.

Unaendelea. Anaikaripia barabara, anamkaripia daktari, anamuuliza Mungu kama na Yeye amewahi kuchelewa. Ouma alilazwa hospitalini Homa Bay, figo zilimwangusha, na siku ile Okoth alitoka Migori alfajiri na hakumkuta hai. Hajawahi kutaja. Nilidhani ni mtu asiyeumia. Kumbe amekuwa akiyapigia kelele mbele ya watu wasiomjua.

Wakati wa kuondoka nimemfungia karanga. Nimemwambia ana shingo ya baba yake. Ilikuwa ndiyo njia yangu ya kusema.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda Homa Bay. Atieno ana meza yake sokoni, samaki wamepangwa vizuri, wateja wanamwita mama mchungaji. Nimeketi nyuma ya beseni la omena, dagaa waliotoka kisiwa cha Remba, pale pale baba yake alikokuwa akinunua mzigo. Nikamwambia, sema.

Wimbo wa kwanza: baraka zangu zinakuja, gari langu linakuja, maadui wangu wataona. Nikamwambia huo ni wimbo wa manamba wa matatu, siyo wa Mungu. Yule wa meza ya pili alicheka hadi akamwangusha samaki. Atieno akanuna.

Wa pili: Bado uko. Bado uko. Bwana, bado uko. Nikangoja. Nikauliza unaendelea vipi. Akasema ndio huo. Nikamwambia ningeumaliza kabla ya kumenya kitunguu. Akasema, Dani, bibi yangu, huo huwezi kuuelewa, na akageuka kumhudumia mteja ambaye hakuwepo.

Macho yake yalikuwa mekundu. Nikadhani ni moshi wa wakaangaji. Nimenunua omena, amekataa kunilipisha, tumeachana hivyo.

Alhamisi, 14 Agosti

Mimi hivi vitu navijua. Nilipokuwa msichana Karungu, na hata nilipoolewa huku karibu na Rongo, nikisikia mtu amekufa nilikwenda kumlilia, na watu walikuwa wananingoja. Kulilia mtu ni kazi. Ukisema alikuwa mzuri, alikuwa mpole, hujasema kitu, watu wanaendelea kutafuna. Lazima umtaje. Umtaje na ukoo wake. Useme alipenda kichwa cha samaki na alikoroma mpaka ng'ombe wakasimama. Useme alichokuudhi. Hapo ndipo watu wanaweka chini sahani.

Siku ya Ouma nilifungua mdomo na sauti ikakataa. Wakalia wengine. Mimi niliketi tu kama mzigo.

Kwa hivyo nimeamua. Okoth ataimba. Wimbo wake unamtaja mtu, unauliza swali. Wa Atieno hauna mtu ndani.

Nimempigia Atieno na kumwambia hivyo hivyo, bila kupaka asali. Nikasikia soko lote kwenye simu. Akasema sawa Dani, msiniwekee kiti. Akakata.

Ijumaa, 15 Agosti

Simu haipokelewi.

Ng'ombe wa kuchinjwa naye amekataa kula. Nyumba imejaa watu wasiokula na wasiopokea. Nyar Ndhiwa amekuja kuomba chumvi, akaona uso wangu, akaondoka bila chumvi. Hiyo haijawahi kutokea.

Rapar bila Atieno si rapar. Ouma alikuwa akirudi kutoka kisiwani, kabla hajaingia kwangu anaita jina la huyo msichana kutoka barabarani. Nimeharibu. Lakini sijui nitasema nini kingine. Wimbo ni mfupi, sasa niseme ni mrefu?

Jumapili, 17 Agosti

Leo nimekufa. Ngoja nipange, la sivyo nitasahau kitu kizuri.

Okoth alikuja asubuhi na wenzake wawili, na spika, kufanya mazoezi kwenye ile simba yake, nyumba yake ya ujana pale karibu na lango. Akaniuliza kama aimbe pole pole. Mimi, kwa mdomo wangu, nikamwambia imba jinsi unavyoimba, usije ukanidanganya siku yenyewe. Nikawapa chai.

Walipoanza, kichwa kikaniuma. Nikatia pamba masikioni, nikajilaza kitandani, nikajifunika leso mpaka usoni kwa ajili ya nzi. Usingizi ukanichukua.

Sasa mtu yeyote wa huku anajua. Boma likitoa ukelele mkubwa mchana, na ndani yake kuna bibi mzee, haulizi mtu. Mtu amekufa. Unaacha jembe lilipo na unakimbia. Mimi niliyepiga hizo kelele miaka yote, mimi ndiye niliyesahau. Okoth alikuwa anamwita Baba, Baba, kwa sauti ya kupasua bati, na upepo ulikuwa unakwenda upande wa sokoni.

Nilishtuliwa na uzito miguuni. Mtu ameanguka juu ya miguu yangu na analia. Nikajua harufu: Nyar Ndhiwa. Yeye na majirani wengine wamenikuta nimelala chali, leso usoni, pamba masikioni. Wangefikiri nini kingine? Pamba moja ilikuwa imetoka, na kwa sikio hilo nikamsikia.

"Nyar Karungu, umeniacha na nani? Ni nani sasa ataniambia ugali wangu ni mbichi? Ulinitukana mbele ya wakwe zangu na ulikuwa sawa. Ulinigawia mbegu ukaninyanyasa nayo mpaka mavuno. Kuku wangu watamkosea nani sasa?"

Ningeweza kuinuka. Sikuinuka. Nilimwacha aendelee. Wangapi wanapata kusikia? Alinitaja na ukoo wangu, akataja lile jino langu, akataja jinsi ninavyochelewa kanisani na kulaumu saa. Hakusema nilikuwa mpole hata mara moja. Machozi yalinitoka chini ya leso. Sijawahi kupendwa namna hiyo.

Ndipo nzi akaniingia puani nikapiga chafya.

Mmoja wao alitoka kwa kupitia dirishani. Mwingine alipita katikati ya sukuma wiki zangu na kuzilaza zote. Yule shemasi wetu mnene alipanda juu ya kabati ya vyombo, na mpaka sasa sijaelewa alipandaje. Nyar Ndhiwa peke yake hakukimbia. Alinishika mguu akaubinya, akaona ni wa moto, akanipiga kofi la paja. Akasema maneno ambayo siyaandiki, leo ni siku ya ibada kwa wengine.

Nje boma limejaa. Watu wameshika matawi ya msiba. Mzee mmoja ameshaanza kuelekeza mahali pa kuchimba. Okoth na wenzake wamesimama mlangoni mwa simba na gitaa zao, hawajui wamefanya nini, na akina mama wanawatazama kwa heshima. Mmoja wao akamwambia Okoth, mjukuu, wewe unajua kulia, nani alikufundisha? Hajawahi kusifiwa na mtu mwenye kilemba.

Tulikuwa tunacheka. Tumeshaweka chai kwa sababu watu wengi hivyo huwezi kuwarudisha na mate matupu. Ndipo pikipiki ikaingia langoni na Atieno akaanguka kutoka nyuma yake.

Mtu alikuwa amempigia simu kwamba nimekufa. Hakuna aliyekumbuka kumpigia tena.

Amevaa nguo ya kanisani, kiatu kimoja hakipo. Hakuona watu wanacheka. Aliniona mimi nimesimama na birika. Alinijia, akanishika kama anayetaka kunivunja, uso shingoni kwangu, na alikuwa anasema kitu kimoja tu, tena na tena, kwa Kijaluo.

"Pod intie, Dani. Pod intie. Pod intie."

Bado uko. Hakuweza kusema kingine. Nami sikuhitaji kingine. Nikasimama na birika la moto mkononi na nikaelewa kwamba huo ndio wimbo wake, na kwamba mimi ni mjinga.

Nikamuuliza ule wimbo ulitoka wapi. Akajibu shingoni kwangu. Zile siku za mwisho hospitalini Baba hakuwa na nguvu ya maneno. Alikuwa anafumbua macho, anamwona, anasema pod intie. Anafumba. Anafumbua, anasema tena. Asubuhi ile ya kufa kwake alilisema neno hilo akiangalia mlango, kwa sababu Atieno alikuwa amemwambia Okoth yuko njiani. Akasema pod intie, kama mtu ameingia. Ndilo neno lake la mwisho. Atieno alilipeleka kanisani kwa Kiswahili kwa sababu lilikuwa linamsonga na hakujua pa kulipeleka kwingine.

Okoth alikuwa ameketi chini. Kwenye mavumbi, gitaa mapajani.

Akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

Atieno akasema, "Wewe si ulisema wimbo wangu hauna maneno."

Jumatatu, 18 Agosti

Nimechoka. Mwili wote unauma, kufa si mchezo.

Walilala hapa wote wawili. Asubuhi nimewakuta jikoni hawasemi, lakini wanakula sahani moja. Okoth alimsukumia mkia wa samaki. Atieno akaula. Sikuingia. Nilijifanya natafuta ufagio.

Baadaye Atieno akamwambia amsomee ule wa njiani. Kumbe hajawahi kuusikia hata siku moja. Alikuwa anasikia gitaa tu na kuondoka. Okoth alipofika kwenye ulisema nini, Baba, dada yake akamzuia, akamwambia rudia hapo.

Mimi nilitaka kuwapima nani ana maneno mazito. Nilisahau kwamba mgonjwa habebi gunia. Anabeba neno moja, na hilo analibeba na mikono yote miwili. Wa Okoth ni mzito kwa sababu ya aliyoyakosa. Wa Atieno ni mzito kwa sababu ya yule aliyelisema neno lile. Lakini ule wa mafuvu bado ni upuuzi, na ule wa gari langu linakuja ni upuuzi zaidi, na nimewaambia wote wawili ili wasivimbe vichwa.

Alhamisi, 21 Agosti

Mzozo mpya. Wanabishana kuhusu ngoma ianze wapi. Kinanda kimekuja na boda, gitaa ziko, spika zimejaa simba mpaka kuku wanalala juu yake. Mmoja wa wale vijana wa fulana nyeusi amemfunza msichana wa kwaya kupiga kelele kutoka tumboni. Msichana huyo ni mwembamba kama kijiti. Ng'ombe alianza kula, akamsikia, akaacha.

Nimewatangazia majirani nyumba kwa nyumba: mkisikia ukelele, sijafa. Nyar Ndhiwa amesema yeye hatakuja hata nikifa kweli, mpaka aone cheti.

Jumapili, 24 Agosti

Imekwisha vizuri. Ng'ombe alitosha. Mchele uliungua chini kidogo, tukawapa wale wa mwisho.

Mchungaji wetu alihubiri kwa ufupi, na hilo lenyewe ni muujiza. Halafu wajukuu wakasimama. Nguo nyeusi upande huu, nguo nyeupe upande ule, kama vigae vya bafu. Wazee waliketi mbali. Mmoja alikuwa ameshaweka vidole masikioni.

Okoth alianza. Alimtaja Ouma na ukoo wake na Remba na vichwa vya samaki. Hayo nilimwongezea mimi. Ikalia ile gitaa. Nilisikia kifuani, kama lori linapita ndani yangu. Alipofika kwenye lile swali, akalipiga kwa ile sauti ya kupasua bati, ulisema nini, Baba, nikiwa njiani, na kila kitu kikakatika. Nikasikia mahema yanapigwa na upepo.

Atieno akajibu. Bila kinanda, kwa sauti ndogo, kwa Kijaluo. Pod intie.

Okoth akauliza tena. Akajibiwa tena. Kila mara anapouliza sauti inapungua, na kila mara anapojibiwa watu wengi zaidi wanamsaidia Atieno, mpaka boma lote linaimba ule mstari mmoja na Okoth haulizi tena, anaimba nao. Yule mzee alitoa vidole masikioni.

Mimi nilifungua mdomo na sauti ikatoka. Haikuwa wimbo wao wala wa kitabu. Niliita jina la mwanangu, jinsi yeye alivyokuwa akiita la Atieno kutoka barabarani. Hakuna aliyeshtuka. Nilikuwa nimewatangazia.

Jumatatu, 25 Agosti

Wameondoka pamoja mpaka Rongo. Hapo mmoja kwenda Migori, mmoja Homa Bay. Nimewatazama mpaka kwenye kona. Okoth alikuwa amebeba kinanda.

Nimefagia. Nimeinua sukuma wiki zilizolala, nimezifunga kwa vijiti. Zingine zitapona.

Mchana nimemrudishia Nyar Ndhiwa sufuria zake. Akanikaribisha, nikakaa, tukala bila kusema sana. Kuku wake walikuwa wanapita miguuni. Ugali ulikuwa mbichi katikati.

Nimemwambia.